Imani: Jina la Wote Lililogeuka la Kike Ng'ambo

Klabu ya soka ya Yanga iliwahi kuwa na mwenyekiti aitwaye Imani Madega. Watani wao wa jadi, Simba, nao wakaja kuwa na mtendaji mkuu aitwaye Imani Kajula. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, muziki umefundishwa na Profesa Imani Sanga. Wote hao ni wanaume. Lakini ingia darasa la shule ya msingi, iwe Mbeya au Bukavu, uite "Imani!", na huenda akasimama binti. Kwetu hakuna anayeshangaa.

Si kwamba majina yetu yote yako hivyo. Neema na Baraka yanakaribiana mno kwa maana, ila Tanzania Neema ni msichana na Baraka ni mvulana. Imani, Tumaini, Bahati na Riziki yamebaki ya wote. Sarufi haihusiki hapo, maana Kiswahili humwita kila mtu "yeye". Waliogawa ni wazazi, kizazi baada ya kizazi. Na Imani lina bahati ya pekee: lilitoka katika Kiarabu, "iman", likaongezewa irabu mwishoni kama ilivyokuwa kwa amani, na leo utalikuta kwa Mlutheri na kwa Mwislamu vilevile.

Safari yake ya ng'ambo ina mwaka wake. Agosti 1965, ghasia zilizuka mtaa wa Watts, Los Angeles, na hasira ya Wamarekani weusi ikaonekana dunia nzima. Mwaka uliofuata, 1966, kutokana na hali hiyo, mwanaharakati Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi inayosherehekewa kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari. Aliipa nguzo saba, zote kwa Kiswahili, kwa kuwa aliiona lugha hii kuwa si mali ya kabila moja. Ya nne ni Ujamaa. Ya saba, inayoangukia siku ya Mwaka Mpya, ni Imani.

Ulikuwa wakati wa watu kujipa majina upya. Mshairi LeRoi Jones akawa Amiri Baraka. Wazazi nao wakaanza kuwaita watoto wao Imani, na miaka ya 1990 jina likavuma kweli. Kabla ya hapo, mwaka 1988, filamu ya Eddie Murphy, Coming to America, ilikuwa imemwonyesha bibi harusi aliyelelewa kwa ajili ya mwana wa mfalme, jina lake Imani Izzi. Mwandishi Imani Perry, aliyezaliwa Alabama mwaka 1972, alishinda tuzo ya National Book Award mwaka 2022. Wanaume wenye jina hilo huko ni wachache. Anayejulikana zaidi ni Imani wa kundi la rap la The Pharcyde. Nadhani sikio la Kiingereza ndilo lililoamua. Likisikia "-ni" mwishoni, linakumbuka Stephanie na Melanie, basi mtoto keshakuwa wa kike.

Na matamshi? Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: i-MA-ni. Wamarekani wengi hapo wamepatia. Wanapokwama ni irabu ya kwanza: mmoja anaimeza, mwingine anaigeuza "ai". Ndiyo maana wapo wanaoandika Emani, tahajia inayonisikitisha, kwa sababu mtoto anapewa jina letu kisha linavuliwa herufi yake ya kwanza. Ufaransa kuna mwimbaji Imany, jina halisi Nadia Mladjao, aliyezaliwa Martigues mwaka 1979 kwa wazazi Wakomoro. Huko mkazo hukimbilia mwisho: i-ma-NI. Kigali na Bujumbura msikilizaji inabidi atege sikio zaidi, maana Imana, kwa Kinyarwanda na Kirundi, ni Mungu mwenyewe.

Mzazi wa Kitanzania aliyeko Houston au Minneapolis, anayetamani kumwita mwanawe wa kiume Imani kama babu yake, asiogope. Mwalimu atamwandika wa kike kwenye orodha siku ya kwanza, na wazazi watakwenda kurekebisha. Wamwambie pia kwamba herufi ya kwanza husomwa kama ile ya mwisho.