Kitambulisho Hutolewa na Nani?

Msikilizaji mmoja ameniandikia akinikosoa. Anauliza ninalalamikia nini kuhusu kitambulisho katika kituo cha kupigia kura. Asiye na hila, anasema, ataonyesha kadi yake, atapiga kura na kurudi nyumbani. Hoja yake ina uzito, maana kura zimeibwa katika nchi hii. Lakini mimi nauliza, hiyo kadi hutolewa na nani?

Wapenzi wasikilizaji, turudi Machi 1957. Waafrika wa Kenya walikuwa wakiwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti vinane tu. Kwa mpango uliotokana na ripoti ya Walter Coutts, mpiga kura alitakiwa kuwa na sifa, kama vile elimu, mapato, mali au utumishi wa miaka mingi. Mwenye sifa nyingi alipewa kura mbili, hata tatu. Basi mwalimu mwenye mshahara na ng'ombe wake aliweza kuhesabiwa watu watatu, na kibarua wake asihesabiwe kabisa.

Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru palikuwa na kizuizi cha pili. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Mtu wa makabila hayo, hata angekuwa na shahada, hakuandikishwa bila hati ya uaminifu, yaani karatasi ya serikali kuthibitisha kwamba alikuwa upande wake dhidi ya Mau Mau. Eti uchaguzi ulindwe usiingiliwe na waasi.

Mkoa wa Kati aligombea Eliud Mathu, aliyeteuliwa mwaka 1944 kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza hilo. Wakikuyu ndio waliokuwa wengi mkoani, lakini katika orodha ya wapiga kura Wameru waliwazidi, kwa kuwa Wakikuyu wengi walikosa hati. Kiti kikachukuliwa na Bernard Mate wa Meru. Sisemi Mate alikuwa mwizi, hasha. Wala sisemi hati ndiyo sababu pekee, maana wapo waliomwona Mathu mpole mno kwa Wazungu. Ila waliozuiwa kupiga kura hawakuulizwa.

Uhuru ulipokuja hati ile ilikwisha, kitambulisho kikabaki. Wanawake hawakupewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi ya ziada, ati wageni wasijifanye raia. Na uchaguzi wa Desemba 1992 ulipowadia, vijana wengi waliokwisha kutimiza miaka 18 hawakuweza kujiandikisha kwa sababu vitambulisho vyao havikutolewa.

Sasa nirudi kwa wizi. Tume ya Jaji Kriegler ilikadiria mwaka 2008 kwamba daftari letu lilikuwa na marehemu wapatao milioni 1.2. Ndiyo maana alama za vidole zilianza kutumika kuandikisha wapiga kura mwaka 2012. Lakini marehemu hao walikuwa na vitambulisho halali walipojiandikisha! Na Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa urais Septemba 2017, jambo kubwa lililozungumzwa lilikuwa jinsi matokeo yalivyopelekwa na kutangazwa. Huko mpiga kura na kadi yake hawafiki.

Nadhani msikilizaji wangu alipata kadi yake bila taabu. Mwenzake wa Garissa aliitwa mbele ya kamati, akatakiwa karatasi za babu yake. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa msasa huo katika kaunti za mpakani. Kijana wa miaka 18 aliyekataliwa mwaka 1989, kama hakuwahi kukipata tena, alikuwa na miaka 54 siku hiyo, na chaguzi kuu saba zilikuwa zimempita.