Mfalme Alfred na Mikate Iliyoungua: Hekaya, Kitabu na Picha

Mwezi wa Januari 878, Wadani walioongozwa na Guthrum waliivamia Chippenham, na Alfred, mfalme wa Wessex, akakimbilia vinamasi vya Somerset. Husimuliwa kwamba huko alihifadhiwa na mchungaji mmoja. Siku moja mke wa mchungaji aliweka mikate motoni. Ikaungua mbele ya mgeni aliyezama katika mawazo. Mama huyo akamkaripia, asijue kwamba anamgombeza mfalme wake.

Je, jambo hilo lilitukia? Shahidi wa kwanza ni Askofu Asser, aliyeandika maisha ya Alfred mwaka 893, mfalme angali hai. Anataja vinamasi, ngome ya Athelney, ushindi wa Edington na ubatizo wa Guthrum. Mikate haitaji. Hekaya inazuka kiasi cha miaka mia moja baadaye, katika maisha ya Mtakatifu Neot. Humo mfalme anatafakari masaibu yake kwa unyenyekevu, kwa kuwa mtungaji alikusudia kuonyesha mtawala aliyerudiwa na Mungu, kisha akainuliwa kwa msaada wa mtakatifu. Katika kumbukumbu zilizokusanywa karne ya 12, Alfred yule yule ameketi karibu na moto akitengeneza pinde na mishale: mtubu amekuwa askari.

Mwaka 1574, Askofu Mkuu Matthew Parker alipokipiga chapa kitabu cha Asser, aliichomeka hekaya hiyo ndani yake. Mwaka 1731 nakala ya kale ya mkono iliteketea kwa moto mjini London. Hivyo maneno ya watu wengine yakasomwa kama ushuhuda wa Asser, hadi W. H. Stevenson alipozitenga nyongeza hizo waziwazi katika toleo lake la mwaka 1904.

Wachoraji hawakungoja uhakiki huo. Francis Wheatley alilichora tukio hilo mwaka 1792, na David Wilkie mwaka 1806. Wilkie, fundi wa kuchora maisha ya wanakijiji, alimketisha mfalme katika nyumba ya raia maskini, akikemewa kama mtu yeyote.

Basi hekaya hii haithibitishi lolote juu ya mwaka 878. Inashuhudia jinsi kila zama zilivyomtaka mfalme awe: mtubu, askari, au jirani wa wanyonge. Kosa halikuwa la wasimulizi, bali la mhariri aliyechanganya sauti mbili katika kitabu kimoja. Yeyote anayeandika masimulizi ya wazee hana budi kuonyesha nani alisema nini, na lini.