Ukuta Ulio Juu ya Mnazi

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 nilikuwa Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kitanda kilipoanza kuyumba kana kwamba mtu anakisukuma kwa goti. Tetemeko lilitokea baharini, kusini-mashariki ya jiji, likiwa na ukubwa wa karibu 6. Tukateremka ngazi na kandambili zetu. Nilipompigia bibi simu Mnazi alipokea shikamoo yangu, kisha akauliza: "Na huu mlima nao, hautatuangukia?"

Swali lake lina msingi. Mnazi iko tambarare, upande unaotazama Mkomazi na mpaka wa Kenya, na nyuma yake Usambara Magharibi inasimama kama ukuta wa zaidi ya mita 1,000. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba milima husukumwa juu na nguvu za chini, basi haiwezi kuanguka. Nilimjibu vibaya.

Nilijua hivyo miaka miwili baadaye, nikisomea shahada ya umahiri katika historia, nilipokutana na ugomvi wa zamani wa wasomi. Mwaka 1891 Eduard Suess, mjiolojia wa Vienna ambaye hakuwahi kufika huku, alisoma taarifa za msafara wa Teleki na von Höhnel akasema Afrika Mashariki inavutwa na kupasuka. J. W. Gregory alikuja mwenyewe mwaka 1893, akaona kuta za bonde nchini Kenya, na kitabu chake cha 1896 kikalipa jina la Bonde Kuu la Ufa. Akakubaliana na Suess. Lakini E. J. Wayland, aliyeongoza upimaji wa miamba Uganda, alishikilia kinyume: ardhi inabanwa, na kuta zimepanda juu ya bonde. Bailey Willis wa Marekani naye akatetea mbano mwaka 1936, na mwaka huohuo vipimo vya uvutano vya Bullard vikaonekana kuwapa nguvu. Watu makini, wenye vipimo, walikosea kwa miongo.

Likizo iliyofuata nilimwonyesha bibi kwa sabuni ya mche. Nilikata kipande kwa kisu, mshazari. Ukivuta ncha mbili, upande uliolalia mkato huteleza chini: huo ndio ufa wa kawaida. Ukizisukuma zikutane, upande uleule hupanda: ufa wa kinyume. Kuna wa tatu, ambapo pande hupitana kwa ubavu bila yeyote kupanda wala kushuka, kama ule wa California uliotetemesha San Francisco mwaka 1906. Rekodi za matetemeko za miaka ya 1960 na 1970 ndizo zilizomaliza ubishi. Mitetemo ya Bonde la Ufa ilionyesha kwa sehemu kubwa ardhi inayovutwa.

Usambara nayo ni pande la miamba ya kale lililokatwa na nyufa za namna hiyo. Bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Mashariki na Magharibi, ni kipande kilichozama kati yao. Mvua imeula ukuta ukarudi nyuma, hata ufa wenyewe umefukiwa na udongo wa tambarare.

Wanahistoria tumezoea kuanza na Vuga na Wakilindi. Mimi sasa naanza na ufa. Wasambaa waligawa dunia yao mbili, shambaai juu na nyika chini, na Steven Feierman ameeleza jinsi vijiji vilivyopenda kukaa karibu na ukingo, migomba ikiwa juu na mahindi yakilimwa bondeni. Ukame ukikausha upande mmoja, mwingine unaweza kukulisha. Bila mteremko mkali, mashamba hayo mawili yangekuwa safari ya siku nyingi.

Bibi aliigeuza sabuni mkononi. "Kumbe sisi ndio tulioshuka."

Nikamwambia huenda pande zote zilisogea, na kwamba mvutano mkubwa wa leo uko mbali, Natron na Manyara, na magharibi kule Rukwa kulikotokea tetemeko kubwa la mwaka 1910. Tetemeko bado linaweza kufika; siwezi kumwahidi lolote.

"Mimi naogopa mawe ya masika," alisema. Akavitia vipande viwili kwenye beseni, akaanza kuloweka nguo.