Usalama wa ubao wa kunakili

Ubao wa kunakili ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta au simu inayoshika kwa muda kilichonakiliwa mpaka kibandikwe kwingine. Utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika ulianzia miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox PARC, California, mikononi mwa Larry Tesler na Tim Mott. Enzi hizo programu zote za mashine ziliaminiana, na ubao ukaachwa wazi kwa zote.

Uwazi huo ulirithiwa. Katika X11, mfumo wa madirisha wa mwaka 1987 uliotumika kwa miongo kwenye Linux, programu yoyote inayoendeshwa husoma kilichonakiliwa bila kumwuliza mtu. Windows nayo imejengwa vivyo hivyo. Nenosiri likinakiliwa, liko peupe.

Wezi waliliona pengo hilo. Februari 2019 kampuni ya usalama wa mtandao ya ESET ilitangaza kukuta kwenye Google Play programu iliyojifanya MetaMask, pochi ya sarafu za kidijitali. Ilivizia anwani ya pochi inaponakiliwa, ikaibadilisha kwa anwani ya mwizi. Anwani hizo ni misururu mirefu ya herufi na tarakimu ambayo wachache huikagua. Mtumiaji akithibitisha muamala, hakuna benki ya kumrudishia pesa.

Mwaka huohuo Android 10 ilizuia programu zisizo mbele ya mtumiaji kusoma ubao. Mwaka 2020, iOS 14 ilianza kutoa taarifa kila programu inapochungulia, na TikTok ikaonekana ikifanya hivyo mara kwa mara. Kampuni hiyo ilisema ni kinga dhidi ya ujumbe taka, kisha ikaacha kufanya hivyo. Tangu iOS 16, mtumiaji huombwa ruhusa kwanza.

Qubes OS, mfumo endeshi unaogawa kazi za mtumiaji katika maeneo yaliyotengwa, imekwenda mbali zaidi. Kuhamisha maandishi kutoka eneo moja lililotengwa hadi jingine kunadai hatua nne: Ctrl+C, Ctrl+Shift+C, Ctrl+Shift+V, kisha Ctrl+V. Inachosha, lakini ndiyo njia sahihi, kwa kuwa hakuna kinachovuka mpaka bila mkono wa binadamu.

Hata hivyo mkono wenyewe hudanganywa. Katika hila ya ClickFix, iliyoenea kuanzia 2024, tovuti hupachika amri ya siri ubaoni, kisha humwagiza mgeni abonyeze Windows na R, abandike na kuthibitisha, eti aonyeshe kuwa si roboti. Hakuna ukaguzi halali unaodai hivyo. Ukiagizwa, funga ukurasa huo mara moja.