Kamera ndani ya kilomita 20

Mpiga picha wa vita anajua atakutana na nini: moshi, wakimbizi, maiti. Mjapani Yasusuke Ota alishaifanya kazi hiyo Afghanistan na Kambodia. Lakini picha zilizompa jina hazina mwanajeshi hata mmoja. Zina mbwa, paka, ng'ombe na mbuni. Tena alizipiga nchini kwake.

Tukumbushane kidogo. Machi 11, 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliipiga Japani, likafuatiwa na tsunami iliyokiacha kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi bila umeme wa kupozea vinu vyake. Usiku ule ule watu waliokuwa ndani ya kilomita 3 waliambiwa waondoke. Alfajiri ikawa kilomita 10. Jioni ya Machi 12 ikawa 20. Watu zaidi ya elfu 70 wakahama, na wengi wao waliamini ni jambo la siku mbili tatu. Mtu akamwekea mbwa chakula, akafunga mlango, akaondoka.

Siku mbili tatu zikageuka miaka.

Mwishoni mwa Machi, Ota aliingia na kamera pamoja na chakula cha wanyama. Alikuta mbwa wakizurura kwenye mitaa mitupu. Alikuta mbuni akitembea barabarani kama mwenye mji. Na mazizini alikuta ng'ombe waliokufa kwa safu, vichwa vikiwa bado kwenye sehemu ya kulishia, pale pale walipozoea kuletewa chakula. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka huo huo wa 2011, cha pili mwaka 2012.

Sasa swali. Kwa nini picha hizi zinauma kuliko picha za majengo yaliyobomoka?

Jibu langu ni hili. Nguruwe pori wa eneo lile hawakuhitaji mtu. Watu walipoondoka, wao walizidi kuongezeka. Waliokufa kwa njaa ni wale wetu: aliyefungwa mnyororo, aliyefungiwa zizini, aliyezoeshwa kwamba mlango utafunguliwa asubuhi. Kwa maneno mengine, kilichowaua ni ule uhusiano wenyewe. Tunapenda kuuita urafiki, lakini ukiziangalia picha za Ota unaona ni deni pia. Uliyemfunga kamba umeshamwahidi kitu.

Aprili 22 serikali ililifunga eneo lile kisheria. Mei 12 ikaagiza mifugo iliyobaki iuawe, kwa ridhaa ya wenyewe. Kabla ya ajali palikuwa na ng'ombe zaidi ya 3,000, nguruwe karibu 30,000 na kuku mamia ya maelfu. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: nyama ile isingeweza kuuzwa, na wanyama walikuwa wakirandaranda ovyo. Wafugaji wengi walikubali, na sidhani kama kuna wa kuwalaumu.

Wachache walikataa. Masami Yoshizawa, mfugaji wa Namie, umbali wa kilomita 14 hivi kutoka kwenye vinu, aliendelea kuwalisha mamia ya ng'ombe ambao hawakuwa tena na bei hata ya senti moja. Mwaka 2014 alimpeleka mmoja wao mpaka Wizara ya Kilimo, Tokyo, akiwa na madoa meupe yasiyoeleweka mwilini, akidai uchunguzi. Fikiria: ng'ombe wa nyama asiyeliwa, asiyeuzwa, anakula tu. Kwa hesabu za biashara ni wazimu. Kwa hesabu za deni, ni mtu anayelipa.

Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, vikosi vilitumwa kuwapiga risasi mbwa na paka walioachwa. Wengi wetu tulikuja kulijua hilo baadaye sana, kwa masimulizi. Fukushima ilikuwa tofauti kwa sababu kamera ziliingia mapema, na wenye mbwa waliziona picha wakiwa bado kwenye vituo vya wakimbizi. Mwaka 2013 Wizara ya Mazingira ya Japani ilitoa mwongozo unaohimiza watu kuhama pamoja na wanyama wao wa nyumbani. Siwezi kusema picha peke yake ndizo zilizoleta mwongozo ule. Ila ni vigumu kuyasahau macho ya mbwa anayesikia gari likija na kudhani ni la kwao.

Mwongozo ule unawahusu mbwa na paka. Ng'ombe wa kwenye safu bado wanasubiri wa kwao.