Posa ya Mbali: Kutoka Barua hadi Intaneti



Juma hili tunatafakari historia ya jambo linalowagusa vijana wetu wengi pamoja na wazazi wao, yaani kutafuta mchumba aliye mbali. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili limeletwa na intaneti. Sivyo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, chatusimulia jinsi Abrahamu alivyomtuma mtumishi wake hadi Mesopotamia kumtafutia Isaka mke. Isaka na Rebeka hawakuwa wameonana, lakini kati yao palikuwa na mshenga aliyekula kiapo, akafika nyumbani kwa binti na kuketi na jamaa zake. Naye Rebeka aliulizwa mwenyewe kama yu tayari kwenda, akakubali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waitalia wengi walihamia Australia kutafuta kazi. Vijana wasioweza kurudi kuoa waliwaandikia barua jamaa zao vijijini, na picha zikavuka bahari. Maelfu ya mabinti walifunga ndoa katika parokia zao wakiwa na mwakilishi wa bwana arusi, mara nyingi ndugu yake, kisha wakapanda meli kumfuata mume. Kanisa liliruhusu ndoa ya namna hiyo, na bado laruhusu katika Kanuni ya 1105, ila kwa masharti: mwakilishi ateuliwe na mhusika mwenyewe, kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi au mwenye mamlaka, na mwenzi atajwe wazi.

Hata hivyo, udanganyifu ulikuwapo. Filamu moja ya Kiitalia ya mwaka 1971, aliyoigiza Alberto Sordi, yaonyesha mhamiaji huko Australia anayetuma picha ya rafiki yake mtanashati badala ya yake. Binti naye amemficha maisha yake ya nyuma.

Njia nyingine haikupitia kwa jamaa. Tayari mwaka 1695, gazeti moja la London lilichapisha tangazo la mtu aliyetafuta mke. Mwaka 1965, wanafunzi wa Harvard nchini Marekani walianzisha Operation Match, ambapo kompyuta ililinganisha majibu ya vijana na kuwapatia majina ya wenzi. Mwaka 1995 ikaja Match.com, na baadaye programu za simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, kati ya wenzi wa jinsia mbili waliokutana mwaka 2017 nchini Marekani, takribani 39% walikutana kupitia intaneti, na nafasi ya jamaa na marafiki kama wapatanishi ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Umbali si jambo jipya, wala uongo si jambo jipya. Kilichopotea ni mshenga: mtu anayefahamika kwa pande zote mbili, anayeweza kuulizwa na kuwajibika. Kanisa lilitambua mapema hatari ya uchumba wa sirini. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza ndoa zitangazwe kanisani; na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukadai ifungwe mbele ya paroko na mashahidi.

Basi, kijana uliyempata mchumba kwa njia ya simu, hatukulaumu. Ila kabla ya kumtumia fedha, na kabla ya kumkabidhi moyo wako, uliza: parokia yake ni ipi? Mkatoliki aliyefunga ndoa kanisani, ndoa hiyo huandikwa pia katika kitabu cha ubatizo wake. Njoo ofisini nasi tutamwandikia paroko mwenzetu. Nanyi wazazi, msikae pembeni mkinung'unika. Tumeni mtu mzima mwenye hekima afike kwao, kama alivyofanya Abrahamu. Aliye mkweli hataogopa mgeni mlangoni pake.

Tuwaombee vijana wetu wote wanaotafuta wenzi, Bwana awaongoze kama alivyomwongoza yule mtumishi hadi kisimani. Amina.