Mbegu ilikuwapo, msimu ndio ulikosa

Bandugu tuliomaliza na nyinyi mungali kwenye masomo, munakumbuka tarehe 23 Novemba 2024? Wasichana wa TP Mazembe walipiga AS FAR 1-0 kule Maroko, wakabeba Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF. Hapa kwetu Shari, hata wale wanaosemaka mupira si kazi ya mwanamuke walipiga kelele.

Wengine wanasema ni bahati. Hapana. Mwaka 1998, timu yetu ya taifa ya wanawake ilikuwa ya tatu Afrika. Wachezaji walikuwapo. Lakini klabu ya wanawake haikuwa na kombe la Afrika la kutafuta. CAF ilianzisha ligi hiyo 2021 tu. Mazembe waliingia 2022, wakatoka kwenye makundi. Walirudi, na kisha miaka miwili wakavuna.

Mimi nilisoma kilimo: mbegu nzuri bila msimu haizai kitu.

Mudogo wangu wa kike anachezaka jioni, giza likianza, wanaume wakisha kuacha kiwanja. Tusimuombe kombe. Kwanza tumupatie saa moja ya mwangaza, kila wiki. Nani ataanza na mimi?